Kura Yenye Uzito

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: ukiisifia hadithi usiyoisoma ili mwandishi wake naye akusifie, umesema uongo au umefanya biashara?

Swali hili lilinikaba hapa Singida mjini nilipoanza kuandika Steemit, mtandao ulioanzishwa mwaka 2016. Humo kura ya msomaji ni pesa. Makala hupigiwa kura kwa siku 7, kisha mwandishi na waliompigia hugawana sarafu za kidijitali. Lakini kura hazilingani. Aliyefungia sarafu nyingi humo, kura yake ina uzito. Wakubwa hao huitwa nyangumi. Sisi wengine dagaa tu.

Sasa dagaa akitaka kukua afanyeje? Wenyeji hukwambia: soma wenzako, toa maoni, zoeleka. Ushauri mzuri. Ila mimi nikawa nawafuata nyangumi tu. Usiku mmoja nikamwandikia mmoja wao, "Kazi safi sana, kaka!" Sikuwa nimesoma hata aya moja. Akanipigia kura, zikaingia senti kidogo. Nikafurahi. Halafu nikaona aibu.

Hapa kwetu mnunuzi wa alizeti akichezea mizani tunapiga kelele. Kumbe na mimi nimeichezea! Aliyeibiwa ni dagaa mwenzangu, aliyeandika vizuri akakosa wa kumsoma.

Utasema njaa haina adabu. Kweli. Lakini mwandishi ana mali gani zaidi ya neno lake? Siku hizi nasoma kwanza, ndipo nasifu. Kura zimepungua. Je, nimekua au nimedumaa? Amua wewe.