Shukrani ya Mzazi Aliyerudishiwa Mwanawe

Ndugu mmoja katika darasa letu alituuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule, wala juma lililofuata. Yeye ni baba. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, watu wenye silaha walipoliingia jumba la maduka la Westgate, huko Westlands, mwanawe alikuwamo ndani. Alasiri kijana akatoka mzima, na baba akamkuta karibu na ukumbi wa Oshwal, mahali walipokusanyika waliookolewa na jamaa zao. Akamkumbatia, akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi." Kisha akageuza uso, akamwona mama mmoja amesimama pale pale akiitazama njia, na wa kwake hajatoka. "Tangu siku hiyo," alituambia, "neno lile limenikaa kooni. Je, nilikosea kushukuru?"

Mambo yaliyotukia Westgate yajulikana. Watu 67 waliuawa, Waislamu na wasio Waislamu, wenyeji na wageni, wakubwa na wadogo. Kwani siku hiyo, juu kwenye maegesho ya magari, palikuwa na mashindano ya watoto ya upishi. Kofi Awoonor, mshairi mashuhuri wa Ghana aliyekuja Nairobi kwa tamasha la vitabu, aliuawa. Mwanawe aliyefuatana naye alijeruhiwa, akapona. Wala mji wetu haukuwa mgeni wa misiba ya namna hii. Tarehe 7 Agosti 1998, katikati ya jiji, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213, na majina yao yameandikwa ukutani katika bustani ya ukumbusho iliyopo mahali hapo. Tena Januari 2019, Riverside, wakafa 21. Katika kila siku ya siku hizo walikuwapo wazazi waliorudishiwa watoto wao na wazazi waliorudishiwa maiti, nao wamesimama bega kwa bega.

Wako watakaolijibu suala hili upesi. Watasema kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu, ili tusiidharau neema tuliyo nayo. Ni kweli, amefundisha hivyo. Lakini twaona kuwa mafundisho hayo ni dawa ya tamaa: anayeionea wivu nyumba ya jirani na amkumbuke asiye na nyumba. Hayakuletwa ili msiba wa mtu uwe mizani ya furaha ya mwenziwe. Msomaji na ajijaribu mwenyewe: aweza kusimama mbele ya mama yule akamwambia, "Namshukuru Mungu kuwa ni wewe, si mimi"? Ulimi hautakubali, na ulimi unapokataa hivyo huwa umejua jambo ambalo akili bado inalitafuta.

Maulamaa wametusimulia habari za Sheikh Sari as-Saqati, aliyekuwa na duka Baghdad katika karne ya 3 ya Hijra. Soko liliungua moto, akaja mtu kumpa habari kuwa duka lake limesalimika, naye akasema, "Alhamdulillahi." Papo hapo akajutia, kwa kuwa amejifurahia nafsi yake wakati wenziwe wameunguliwa, na yasemekana alikaa miaka 30 akiomba maghufira kwa neno lile moja. Baadhi ya ndugu zetu darasani walisema Sheikh alijitesa bure. Sisi hatuoni hivyo. Hatudhani kuwa neno lenyewe lilikuwa na kosa. Kosa aliloliona ni kwamba liliishia mlangoni mwa duka lake.

Na hapa pana jambo linalotuchoma sisi Waislamu wa Nairobi zaidi ya wengine. Wauaji wa Westgate waliwatenga watu: aliyeweza kutamka shahada au kujibu maswali ya dini aliachiwa, na asiyeweza akapigwa risasi. Basi mzazi Mwislamu ambaye mwanawe aliponea hapo, amshukuru nani, na kwa lipi? Akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa mgawanyo ule, amewakubalia wauaji kwamba waligawa kwa niaba Yake. Hilo haliwi. Uhai wa mtoto ni neema ya Mungu. Mgawanyo ulikuwa dhulma ya watu. Anayeshukuru yampasa ayatenge hayo mawili moyoni mwake, hata kama siku ile yalikuja kwa pamoja.

Ama shukrani ya kweli, twaiona kwa Urwa bin Zubeir. Katika safari moja ya Sham alikatwa mguu kwa ugonjwa, na mwanawe akafa kwa teke la mnyama. Akamshukuru Mola wake kwa kuhesabu: viungo vyake, kimoja kimeondoka na vitatu vimebaki, wanawe, mmoja ameondoka na wengine wamebaki. Tazama kwamba hakumtaja jirani hata mmoja. Alihesabu vyake tu.

Lakini hesabu hii ni ya mwenye msiba mwenyewe, si yetu sisi tuendao kumpa pole. Tumesikia mara nyingi matangani mama aliyefiwa akiambiwa, "Shukuru, unao wengine." Ni nani aliyetupa ruhusa ya kumhesabia watoto wake? Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na machozi yake hayakuhesabiwa kuwa ni upungufu wa shukrani. Na ile nyumba ya Peponi iitwayo Nyumba ya Sifa ameahidiwa aliyefiwa na mtoto naye akamsifu Mola wake. Sisi ambao watoto wetu wamelala ndani hatuna haki ya kumharakisha.

Watu wa Daud waliamrishwa washukuru kwa kutenda. Twakumbuka kuwa baada ya Westgate watu wa kila dini walipanga foleni ndefu katika Uhuru Park kutoa damu. Twamkumbuka pia Abdul Haji, Mwislamu aliyekwenda na bastola yake kwa sababu nduguye alikuwa amekwama ndani, akabaki kuwatoa watoto wa watu asiowajua. Alimwendea wa kwake, akawatoa wa wengine.

Ndugu yetu hakupata kulijua jina la mama yule, wala kama wa kwake alitoka. Mwanawe sasa ni mtu mzima, na kila Septemba wawili hao huenda pamoja kutoa damu. Majuzi tulimwuliza kama neno lile limekwisha kumtoka kooni. Akasema bado, ila siku hizi hulisema kwa sauti ya chini.