Ndugu Wawili wa Shamba Moja

Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii ni nasaha njema kwa jirani, maana humkataza kuingia kati ya watu ambao damu yao itawarudisha pamoja. Lakini kwa ndugu wenyewe haitoshi. Jirani huenda zake kulima, nao hubaki na swali waliloligombania. Na mapatano yasiyolijibu swali ni kama kidonda kilichofunga juu kikaacha usaha ndani. Miongoni mwa maswali ya namna hiyo limo moja lililozaliwa katika mashamba mengi ya Tanganyika ya zamani. Ndugu wawili walilelewa pamoja. Mmoja akapelekwa shule, wa pili akaachiwa ng'ombe. Je, aliyesoma ana deni kwa aliyechunga? Na kama analo, hulipwa kwa nini?

Nyashimo ni mahali panapofaa kulitazamia swali hili. Mji huu upo katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu. Wilaya na mkoa vilianzishwa mwaka 2012. Katika miaka ya 1950 nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa, na utajiri wake ulihesabiwa zaidi kwa vitu viwili: ng'ombe na pamba.

Mtoto wa kiume alianza kazi kabla ya kujua hesabu ya miaka yake. Kwanza alipewa ndama na mbuzi awachunge karibu na nyumba, mahali ambapo mama aliweza kumwona. Alipopata nguvu alikabidhiwa ng'ombe. Mtama ulipokaribia kukomaa, alishinda juani akiwafukuza ndege. Mvua za mwisho wa mwaka zilipolainisha udongo, alishika jembe nyuma ya baba yake, au aliwatangulia maksai akiwaongoza kwa kamba wakati plau ikipasua ardhi. Kiangazi kilipoingia, pamba ilichumwa, safi ikatengwa na fifi, kisha mashina yake yakang'olewa na kuchomwa moto kwa amri ya serikali ili wadudu wasipate makazi. Jioni wanaume wa mji waliuzunguka moto wa shikome. Hapo watoto walisikia habari za ukoo wao, na hapo pia walikaripiwa kwa ajili ya ng'ombe aliyeingia katika mtama wa mtu. Ndugu hao walikula chungu kimoja, wakalala juu ya ngozi moja, wakapigwa kwa kosa moja. Haikuwapo haja ya kuuliza nani anamdai nani.

Shule ndiyo iliyoleta hesabu mpya. Ilikuwa miaka minne ya kwanza, kisha shule ya kati mpaka darasa la nane, na baada ya hapo wachache mno walifika Bwiru au Tabora. Ada ilihitajiwa, na kaptula, na daftari. Lakini gharama kubwa kuliko fedha ilikuwa mikono. Ng'ombe hawajui siku ya masomo. Mtoto mmoja akiketi darasani, mwenzake hana budi kuchunga zamu mbili. Basi baba alichagua. Wala hakumchagua mwenye akili nyingi kila mara, kwa sababu mtoto aliyejua kusoma nyayo za ndama aliyepotea na aliyeaminiwa na kundi zima alikuwa wa thamani kubwa asiweze kuachiliwa. Mara nyingine alipelekwa yule ambaye kukosekana kwake kusingelitia zizi hasara. Hivyo yawezekana kabisa mtoto alikosa shule kwa sababu ya ubora wake, na nduguye akaipata kwa sababu ya upungufu wake. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, mchungaji huyo alikwisha kuwa na watoto wake mwenyewe.

Ada ilitoka katika pamba, na pamba ilitoka katika mgongo wa aliyebaki. Katika nchi hiyo vyama vya ushirika, ambavyo Paul Bomani alikuwa kiongozi wao mashuhuri, vilipata nguvu kwa sababu wakulima walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi; mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mizani ya pamba ikapata msimamizi. Mizani iliyo kati ya ndugu na ndugu haikupata msimamizi. Tena pamba isipotosha, ng'ombe aliuzwa. Na baadhi ya ng'ombe waliingia zizini kwa mahari ya dada, ambaye hakusoma wala hakurithi kundi. Kwa hiyo wasemapo watu habari za ndugu wawili, haki hudai wamkumbuke wa tatu.

Wako wasemao kwamba deni hakuna. Mtoto aliyesoma, wasema, hakuiba. Alitumwa na baba, naye alitii kama nduguye alivyotii. Alitembea kwa miguu alfajiri, alivumilia fimbo ya mwalimu, na mtihani aliushinda kwa akili yake. Hoja hii ina kweli ndani yake, lakini yachanganya hatia na deni. Mtu aweza kuwa hana hatia hata chembe, na bado akawa na deni. Avukaye mto kwa mtumbwi alioukuta ukingoni hakumwibia aliyeuchonga. Lakini akimjua aliyeuchonga, hawezi kusema kwamba alivuka kwa miguu yake.

Wako wengine wasemao kwamba deni ni la nusu kwa nusu: kila mshahara ugawanywe, kila nyumba ya mjini iwe na chumba cha aliyebaki. Hoja hii nayo ina kweli, lakini yageuza undugu kuwa biashara. Nani ataikadiria bei ya alfajiri za miaka minane? Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alifundisha kwamba yapo madeni yasiyolipika kwa kipimo sawa, kama deni la mtu kwa wazazi wake, na kwamba mlipaji hutoa awezacho. Alifundisha pia kwamba urafiki wa ndugu hufanana na urafiki wa wenzi, yaani watu walio sawa. Mafunzo hayo mawili yakiunganishwa huleta jambo zito: deni lisilolipika halifutiki, na tena lazima lichukuliwe kwa namna isiyomfanya mmoja kuwa bwana na mwingine kuwa mwombaji.

Katika Injili ya Luka, kaka wa mwana mpotevu alipokataa kuingia karamuni, hakulalamikia shamba. Baba yake alimwambia kwamba vyote vilikuwa vyake. Alilalamikia mwana-mbuzi ambaye hakupewa kamwe. Watu humlaumu kwa wivu, na huenda wivu ulikuwamo. Lakini alikuwa anatoka shambani, na habari za karamu ya nyumbani kwao aliziuliza kwa mtumishi. Hakuna aliyekwenda kumwita. Jeraha la abakiye nyumbani ni hilo: kazi yake huonekana kama mvua na jua, kitu kilichopo tu, kisichoshukuriwa.

Baba afapo, swali huvuliwa nguo. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi katika daraja tatu: mwana wa kwanza wa nyumba ya kwanza katika daraja la kwanza, wana wengine wa kiume katika la pili, na mabinti katika la tatu. Sheria ya namna hiyo huhesabu kuzaliwa, haihesabu jasho. Kisha makao ya wilaya huja, shamba hupimwa kwa miguu na kuitwa kiwanja. Aliyesoma hurudi na pensheni yake na miwani yake. Mmoja ajua ofisi. Mwingine ajua mpaka, kwa mti na kwa jiwe. Wakiweka pamoja maarifa yao, hakuna mlaghai awezaye kuwanyang'anya kitu. Lakini mwenye kalamu akiitumia kuandika jina lake peke yake, deni lake lageuka kuwa dhuluma, kwa kuwa kalamu iliyonunuliwa kwa mgongo wa mchungaji imerudi kumpokonya mchungaji ardhi.

Basi deni hili hulipwa kwa nini? Kwanza kwa kukiri. Aliyesoma na awaambie watoto wake, mbele ya baba yao mkubwa, kwamba yeye alisoma kwa sababu huyu alichunga. Pili kwa kushauriana. Maana mara ya kwanza mchungaji aliamuliwa maisha yake bila kuulizwa, na kumwamulia mara ya pili, hata kwa wema, ni kumrudishia dhara lile lile. Tatu kwa kuiweka kalamu katika utumishi wa wote, jina la aliyebaki liandikwe katika hati, na jina la dada vilevile.

Naye mchungaji ana wajibu wake. Alipata kitu ambacho nduguye alikikosa: uzee wa baba aliuona kwa macho yake, na mkono wa mwisho wa mama aliushika. Akiyafanya machungo yake kuwa kamba ya kumfungia nduguye na wana wa nduguye milele, atakuwa amegeuza zawadi kuwa riba. Wapatane, lakini kwanza swali litajwe na kujibiwa; ndipo jirani atakapochukua kapu lake kwa moyo mweupe, akijua kwamba mavuno anayoyaendea hayana kilio ndani yake.