Aombaye Chumba Aulizwe Nini?

Msomaji wetu mmoja wa Mkwajuni, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe nyumba ya vyumba sita, ametuletea swali ambalo tumeona halimhusu yeye peke yake. Vyumba viwili anakaa mwenyewe pamoja na wajukuu. Vinne hupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo akiba yake ya uzeeni. Mpangaji mmoja alimtoroka usiku akiwa na deni la miezi mitatu. Mwingine alikuwa akichoma dhahabu kwa zebaki uani, juu ya jiko la mkaa, hatua chache tu kutoka pale watoto wanapochezea. Tangu hapo kila abishaye hodi humwuliza kabila, dini, ndoa, idadi ya watoto na kazi. Na wachimbaji huwakataa wote kabla salamu hazijaisha. Lakini dhamiri yake haijatulia. Atuuliza: Je, natenda dhambi, au najilinda tu?

Asiyeijua Mkwajuni na afahamu kwamba ndiyo makao ya Wilaya ya Songwe, iliyokuwa zamani sehemu ya Chunya, na kwamba tangu mwaka 1922 nchi ile ya Lupa imekuwa ikiwaita watu kwa ajili ya dhahabu. Mkoa wenyewe wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, na pamoja na mkoa wakaja walimu, waganga, makarani na askari, kila mmoja na barua yake ya kupangiwa kituo na kila mmoja akitafuta mahali pa kulaza kichwa. Hivyo katika mji ule karibu kila mpangaji ni mgeni, na mwenye nyumba hana baba wala mjomba wa mgeni huyo wa kumwuliza habari zake. Kijijini mtu hujulikana kwa ukoo wake. Katika mji wa dhahabu hujulikana kwa mzigo alioubeba begani.

Tuanze kwa kumtendea haki mjane huyu, maana wako waandishi ambao mara wakisikia habari za mwenye nyumba huvaa joho la hakimu. Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha wazi kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Akaongeza, akimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba kuwa na mali ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine, na katika kuitumia mtu asiwasahau wenye shida. Mjane ana haki ya kuchagua nani alale chini ya dari lake. Ana na wajibu pia, kwa kuwa wajukuu wamewekwa mikononi mwake. Wala tusimtishe kwa habari ya Betlehemu, kama wafanyavyo wahubiri wengine kila Noeli. Injili yasema tu kwamba hawakupata nafasi. Huyo mwenye nyumba mwenye moyo mgumu tunayemwona katika michezo ya watoto hatajwi na Mtakatifu Luka hata kwa neno moja.

Shida basi haipo katika kuchagua. Ipo katika namna ya kuchagua, na hapa Mtakatifu Tomaso atusaidia kwa mambo mawili.

La kwanza lahusu dhana. Afundisha kwamba jambo la jirani likiwa na shaka, yatupasa kulifasiri kwa upande ulio mwema. Na kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Msomaji atasema, Padre huyo hakuwa na nyumba ya kupangisha. Lakini asome mbele kidogo. Mwalimu huyo huyo akubali kwamba tunapotafuta dawa ya kuzuia madhara, inafaa kuyaweka mbele yetu yale mabaya yawezayo kutokea na kujihadhari nayo, kwa sharti kwamba kwa kufanya hivyo hatumhukumu mtu yeyote kuwa ni mbaya. Tofauti hii ina maana kubwa. Kufuli la mlangoni halimtukani mtu, kwa sababu hufungwa kwa ajili ya wote. Mwenye nyumba akimdai kila mpangaji, awe mwalimu awe mchimbaji, kitambulisho cha Taifa, barua kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji alikotoka, na mkataba ulioandikwa mbele ya mashahidi, hakuna aliyehukumiwa. Akiyadai hayo kwa mtu wa kabila fulani peke yake, na wengine akiwapa ufunguo kwa kicheko, tayari amekwisha kutoa hukumu, wala mshtakiwa hakupewa nafasi ya kusema neno.

La pili lahusu upendeleo. Mtakatifu Tomaso atoa mfano wa mtu apewaye kiti cha ualimu. Akipewa kwa sababu ana elimu, imetazamwa sababu ya haki. Akipewa kwa kuwa ni Petro au ni Martino tu, umetazamwa uso wa mtu. Tulichukue kipimo hiki mpaka Mkwajuni, tupime maswali ya mjane moja moja. Kila swali liulizwe hivi: Je, jibu lake lagusa nyumba na matumizi yake, au lagusa uso wa aombaye?

Kazi ya mpangaji yaweza kuigusa nyumba. Mvuke wa zebaki ni sumu, wala hauonekani kwa macho. Hudhuru ubongo na mafigo, na watoto huumia zaidi. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, ambao kusudi lake ni kuwakinga watu na sumu hiyo. Mwenye nyumba akisema, Hapa kwangu hakuna mawe ya dhahabu, hakuna zebaki, hakuna kuchoma, asema neno la haki, na tena la lazima. Ila ashike tofauti: amekataza tendo, hakukataza watu. Katika wachimbaji wako watu wengi wenye familia, wanaoacha kazi yao machimboni na kurudi nyumbani wakiwa wameoga, ambao hawajapata kumdhulumu mtu kodi hata siku moja. Na karani aweza kutoroka usiku vilevile, tena akiwa amevaa tai. Mjane wetu alidhulumiwa na watu wawili. Katika hesabu yake wamekuwa maelfu.

Kabila na dini havigusi nyumba. Paa halivuji zaidi likimfunika Mnyiha kuliko Mnyakyusa, wala ukuta hauulizi mtu anasali Ijumaa au Jumapili. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 13, imekataza ubaguzi kwa ajili ya kabila, mahali mtu alipotoka, dini, jinsia na hali ya maisha. Lakini Mkristu hakungoja Katiba: barua ya Mtakatifu Yakobo, katika mlango wa pili, ilikwisha kumwaibisha yule ampaye mahali pazuri mwenye pete ya dhahabu na kumketisha maskini chini. Twajua wako Wakatoliki wanaosema kwamba hupenda kuwapangisha Wakatoliki wenzao tu, nao huliita jambo hilo ni kusaidiana. Tuseme kweli: mtaani mwenye shida zaidi ni yule asiye na jamaa hapo, na aghalabu huyo si mwenzetu.

Kuhusu ndoa na watoto tutakawia kidogo, kwa kuwa hapa ndipo familia za Kikatoliki hujikanganya zenyewe. Mwenye nyumba huuliza kwa ukali, Mmefunga ndoa? Akijibiwa ndiyo, huuliza, Mna watoto wangapi? Akisikia watano, chumba kimekwisha kuchukuliwa. Basi Kanisani tunawaombea wazazi wapokee uhai kwa moyo mkuu, na Jumatatu tunawafungia mlango kwa sababu waliupokea! Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, yasema katika kifungu cha 11 kwamba familia ina haki ya makao ya heshima, yanayolingana na idadi ya watu wake. Ni kweli chumba kimoja hakiwatoshi watu saba, na kulisema hilo kwa upole ni wema. Lakini kelele za watoto si sababu, wala hofu kwamba watachora ukutani. Chokaa haina bei kubwa.

Na wale ambao hawakufunga ndoa? Walimu wa maadili hutofautisha tangu zamani kati ya kukubaliana na dhambi ya mwingine na kumpa mtu kitu ambacho yeye mwenyewe aweza kukitumia vema au vibaya. Anayepangisha nyumba akijua itakuwa danguro, au ghala la wizi, au maficho ya wanaosafirisha watu kama mizigo kupitia mpaka wa Tunduma, ameshiriki kosa lenyewe. Anayempa mwenye dhambi mahali pa kulala hakushiriki kitu. Wote tunalala mahali fulani. Hasa tunawaonya wanaomkataa msichana mwalimu au mwuguzi kwa kuwa yuko peke yake, wakimdhania mambo ambayo hawangethubutu kumdhania kijana wa kiume.

Uko ungo mwingine, ambao mjane wetu hakuutaja, lakini ndio unaotumika zaidi katika miji yetu: kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Mgeni atakiwa kuweka mezani 480,000 kabla hajatua mzigo, na dalali akiwepo anangoja chake cha mwezi mmoja. Wenye nyumba huona kwamba ndio ulinzi wa hakika. Twaona wamekosea. Ungo huo hupitisha mwenye fedha, hata fedha hizo zikiwa za haramu, na kumtupa nje mwalimu ambaye mshahara wake wa kwanza bado haujafika. Mwadilifu haonekani kwa njia hiyo. Sheria ya mwaka 1984 iliyosimamia kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na jambo hili limebaki mikononi mwa wenye nyumba wenyewe. Ndiyo maana twasema nao kwa dhamiri. Malipo ya miezi mitatu, pamoja na dhamana ndogo ya kurudishwa mtu anapohama, yangewalinda wengi bila kuwafukuza maskini.

Kwa mjane wetu, basi: dhambi haipo katika kuuliza, na deni la mtoro ni halali yake kulidai katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini wale wachimbaji aliowakataa kabla hawajasema neno, hao hawakutendewa haki. Awaulize kama awaulizavyo wengine. Akitaka habari za mtu, amwendee mwenye nyumba wa zamani, na huyo aseme aliyoyaona juu ya kodi na utunzaji wa nyumba, asiongeze masengenyo. Nakala za vitambulisho azifungie sandukuni, asizionyeshe majirani. Sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa za watu yataka zitumike kwa kusudi lile tu zilipoombwa. Naye mpangaji aruhusiwe kuuliza pia: umeme wa LUKU hugawanywaje, choo ni cha watu wangapi, maji hutoka siku gani, na yule aliyekaa humu kabla yake aliondoka kwa sababu gani.