Kwetu ni Nini?

Mzee akimkuta kijana njiani, baada ya kumsalimu humwuliza: «Kwenu ni wapi?» Kijana hujibu mara moja, akitaja mto, kilima au kijiji. Lakini akiulizwa mara ya pili: «Ni kitu gani kinachopafanya pale pawe kwenu?» hunyamaza na kuanza kufikiri. Yafaa kufikiri pamoja naye, kwa maana jibu la swali hili laongoza matendo ya mtu kwa jirani yake.

Wengi husema: kwetu ni nyumba, na udongo ambao mtu alizaliwa juu yake. Neno hilo ni kweli, walakini si kweli yote. Yatazamwe mambo yaliyotokea Goma, mji ulio kando ya ziwa Kivu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilishuka kama mto, ikapita katikati ya mji hata kuingia ziwani. Maduka na nyumba za maelfu ya watu zilifunikwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu zaidi ya 300,000 walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka hadi Gisenyi katika nchi ya Rwanda. Siku chache tu zilipopita, wengi wakarudi, wakikanyaga mawe ambayo yalikuwa bado ya moto.

Je, walirudia nini? Kwa wengi nyumba haikuwapo tena. Udongo wenyewe ulikuwa umelala chini ya mawe meusi, mahali pengine kwa kimo cha mtu. Ni kweli, mtu hurudi ili mali yake iliyosalia isiibiwe, au kwa sababu kazi yake iko pale. Hizo ni sababu za haki. Lakini iko nyingine iliyo chini yake. Ugenini mkimbizi aweza kupewa chakula na blanketi, wala hakuna anayemngoja jioni. Mtaani kwake jirani anajua majina ya watoto wake. Mwuza chumvi humkopesha. Yuko anayemdai, na yuko anayedaiwa naye. Asipoonekana asubuhi, watu huuliza: «Yuko wapi?» Basi, kwetu ni mahali ambapo mtu asipokuwapo, pengo lake laonekana. Watu wa Goma waliyavunja mawe yale yale yaliyowaharibia, wakayapanga kuwa misingi na nyua, wakasimamisha juu yake nyumba za mbao.

Labda mtu atauliza: «Je, si upumbavu kukaa penye hatari?» Uhai ni amana, wala si halali kuuchezea. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ule ulipasuka tena, lava ikakomea pembezoni mwa mji. Siku tano baadaye wakuu waliamuru watu wa mitaa kumi waondoke. Anayetii amri kama hiyo hakukataa kwao. Mtu akimshika mkono mama mzee wa jirani na kutembea naye hadi Sake, amekichukua kijiji chake njiani. Bali akikimbia peke yake na kumwacha mama huyo mlangoni, atakuwa mgeni hata akirudi kulala katika nyumba ile ile.

Kumbe kwetu paweza kuharibika pasipo moto wa mlima. Mume akifa, pengine ndugu zake humwambia mjane: «Rudi kwenu!» Miaka thelathini amelima pale, amezaa pale, amezika watoto pale. Kwao ni wapi tena? Nyumba ingalipo, mgomba ungali unazaa, lakini neno moja limemfunikia kila kitu kama lava.

Maandiko Matakatifu yasimulia habari za mjane mwingine, Ruthu wa Moabu. Mumewe alipokufa, mkwewe Naomi alimsihi arudi kwa watu wake. Ruthu hakukubali kumwacha mama huyo aende peke yake, akafuatana naye hadi Bethlehemu, mahali asipopajua. Huko aliokota masuke nyuma ya wavunaji ili wapate kula. Naye Boazi, mwenye shamba, hakumfukuza, bali aliwaagiza watumishi wake wamwachie masuke. Hivyo mgeni alipata kwao: yeye kwa uaminifu wake, wenyeji kwa ukarimu wao. Na mfalme Daudi alitoka katika uzao wake.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia methali hiyo kumwaibisha mvivu. Lakini imo heshima ndani yake: anayepewa jembe amehesabiwa pamoja na wenyeji, na mkono wake unahitajiwa. Kwetu, basi, si kitu ambacho mtu hukipokea tu kwa kuzaliwa. Ni kitu ambacho watu hupeana kila siku, na aliye nacho ana deni la kumpa asiye nacho.

Maswali ya kufikiri nyumbani:

1. Katika kijiji hiki ni nani ambaye asipoonekana asubuhi hakuna atakayemwuliza?
2. Mjane aliyeolewa hapa kutoka mbali, kwao ni wapi?
3. Mgeni aliyefika mwaka huu amepewa jembe, au amepewa kisogo?