Asili ya Dua ya Chafya

Hapana tendo la mwili lililo dogo kuliko chafya, na pengine hapana lijibiwalo na wanadamu kwa adabu kubwa zaidi. Mtu akikohoa huachwa, akipiga miayo hudhaniwa kuwa amechoshwa na mazungumzo, lakini akienda chafya, hata mgeni aliyeketi mbali naye humwambia, "Afya!" Yafaa tuulize desturi hii ilianza wapi, na inamdai nini mtu anayeitimiza.

Hadithi ipendwayo na wengi husema kwamba ilianza Roma mwaka 590, wakati wa tauni, Papa Gregori alipowaagiza watu wamwombee kila aendaye chafya. Hadithi hii haiwezi kuwa chanzo. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, alikwisha kuuliza kwa nini watu huwasalimu waendao chafya, akataja kwamba Kaisari Tiberius aliidai salamu hiyo hata akiwa garini. Nyuma zaidi, mwaka 401 kabla ya Kristo, askari wa Kiyunani alienda chafya wakati Xenophon akiwahutubia wenzake juu ya kuokoka kwao. Jeshi zima likamsujudia mungu wao, likiamini kwamba hiyo ni ishara njema. Kwa Wazulu, kama ilivyoandikwa katika karne ya 19, mgonjwa aliyeenda chafya alitumainiwa kupona, kwa kuwa mizimu ya wazee wake ilikuwa karibu naye.

Si lazima watu hawa wote wawe wamefundishana. Yamkini kila taifa liliona jambo lile lile: chafya huja bila ya ruhusa ya mwenyewe, huitikisa pumzi yake, na pumzi ndiyo uhai. Wako wasemao kwamba moyo husimama mtu aendapo chafya. Si kweli, lakini kosa hilo laonyesha hofu iliyomo ndani ya desturi. Aliye karibu ameshuhudia udhaifu wa mwenzake, naye hawezi kunyamaza.

Katika Uislamu, ambao adabu zake zimeenea katika lugha yetu tangu pwani hadi bara, ushahidi huo umefanywa kuwa haki. Aendaye chafya humshukuru Mungu; amsikiaye humwombea rehema; naye wa kwanza humrudishia dua ya kuongozwa. Mapokeo hayo yana sharti moja lenye hekima kubwa: mtu akizidi kwenda chafya, baada ya mara tatu msikiaji haombwi tena kuendelea na dua ile, kwa maana huyo sasa ana mafua. Yaani adabu ina mpaka wake, na ng'ambo ya mpaka huo kuna ugonjwa.

Mpaka huo niliuona kwa macho katika machimbo madogo ya dhahabu wilayani Geita, nilikokwenda miaka michache iliyopita nikitokea Shinyanga. Huko hukusanyika Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha na wengine wengi. Wanawake walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo, na karasha lilikuwa likiyasaga makavu mpaka yawe unga. Kijana aliyekuwa akimimina mawe alienda chafya. Mmoja akasema, "Afya!" Mwingine akamwombea rehema ya Mungu. Mzee aliyekuwa karibu nami akasema, "Pole, mwanangu." Kijana akaenda chafya ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hapakuwa na aliyesema neno tena.

Nikamwuliza yule mzee, "Shikamoo mzee. Mbona hamumjibu tena?"

"Marahaba, mwalimu," akanijibu. "Tukimjibu kila mara, hatutafanya kazi."

Nilicheka, nikafunika pua yangu kwa leso, nikaondoka. Kicheko kile kimenisumbua tangu siku ile.

Maana chafya ni bawabu wa pua tu. Hufukuza chembe zilizonaswa mlangoni. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina chembe nyingine, ndogo mno hata macho hayazioni. Hizo humpita bawabu, zikashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, zikayatia makovu yasiyotibika. Mapafu yaliyoharibiwa hivyo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Basi vumbi lile tulilolijibu kwa dua ndilo lililokuwa likitoka. Lililokuwa likimdhuru kijana liliingia kimya, wala hatukuliombea.

Je, tuseme kwamba neno "Afya" ni unafiki? Yuko atakayesema hivyo, kwamba dua isiyofuatwa na tendo ni kelele tupu. Mimi sikubali. Mpita njia asiye na uwezo hana la kutoa ila neno, na neno hilo humjulisha mwenzake kwamba ameonekana. Lakini nakubali kwamba deni la neno halilingani kwa wote. Mwenye karasha asemaye "Afya" ana uwezo wa kuyalowesha mawe kwa maji kabla ya kusagwa, na vumbi likapungua. Mnunuzi wa dhahabu anaweza kuuliza imesagwa vipi. Wenye mamlaka wanaweza kuwapelekea wachimbaji vipimo vya kifua. Na mwalimu aliyekwenda kutazama anaweza walau kusema aliyoyaona, badala ya kujifunika leso na kwenda zake.

Asili ya desturi hii, basi, si Roma wala mahali pengine pamoja. Ni pale mtu anaposhtuliwa na pumzi ya mwenziwe, akakiri kwamba inamhusu. Yule kijana alikwenda chafya mara nne, nami nilimjibu mara moja. Tatu zilizobaki bado ziko juu yangu.