Kikojozi: Kosa ni la Nani?

Ndugu zetu, liko swali ambalo watu hulicheka, nalo ni swali la haki: je, yafaa kumwadhibu mtoto kwa jambo lililomtokea usingizini?

Desturi twaijua sote. Mtoto akiamka kitanda kimelowa hupigwa, huitwa kikojozi mbele ya nduguze, na pengine hutwishwa godoro lake akapitishwa mtaani, watoto wenziwe wakimwimbia. Wafanyao hivyo hudai kuwa wamtia adabu. Lakini adabu humfaa mwenye kuweza kuchagua, na aliyelala hachagui. Dini yetu imetufundisha kuwa kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na kwa aliyelala mpaka aamke. Huyu ni mtoto, tena amelala. Ikiwa Mola wake hamwandikii, sisi twamwandikia kwa amri ya nani?

Madaktari wamebainisha kuwa kiasi cha watoto 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 5 hukojoa kitandani, na kuwa jambo hili aghalabu hurithiwa. Basi baba ashikaye bakora huenda anampiga mwanawe kwa urithi aliompa mwenyewe.

Yako pia mambo ya nyumba. Tuutazame mtaa wa Obunga, mjini Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria. Huko, kama ilivyo katika mitaa ya mabanda hata Mombasa kwetu, jamaa wengi hulala chumba kimoja, choo ni cha nje na cha shirika, na giza la usiku lina hatari zake. Mtoto aambiwaye avumilie mpaka kuche afanyeje? Mama aliyeshinda motoni akikaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyobaki viwandani, naye maji huyanunua kwa madebe, hukasirika aonapo shuka imelowa. Hasira yake twaifahamu. Lakini umasikini ule haukuletwa na mtoto.

Na ikiwa mtoto alikwisha kuacha kwa miezi 6 au zaidi, kisha akaanza tena, hiyo ni dalili. Talaka, msiba, kuzaliwa mdogo wake, kuhama, ugomvi wa wazazi: yote haya huweza kumrudisha nyuma. Pengine ni maradhi: kisukari, maradhi ya njia ya mkojo, kufunga choo, au selimundu, iliyo nyingi pande za Ziwa na huku pwani pia, ambayo huzidhoofisha figo zisiweze kuyazuia maji mwilini. Maradhi hayo hayaponi kwa bakora wala kwa hirizi.

Atasema mtu: "Mimi nilipigwa, nikaacha." Twamjibu: kila mwaka, kiasi cha watoto 15 katika kila 100 wenye hali hii huacha wenyewe bila ya tiba yoyote. Uliacha kwa kuwa ulikua, na fimbo ikapewa sifa isiyo yake. Kilichobaki kwa fimbo ni ile hofu na aibu.

Hatusemi mtoto apuuzwe. Anywe maji ya kutosha mchana, na apunguziwe usiku. Aende haja kabla ya kulala, na chombo cha haja kiwekwe chumbani ikiwa choo ki mbali. Akilowesha, na asaidie kufua bila ya kutahayarishwa. Akiamka mkavu, asifiwe. Akianza upya, au akiona kiu isiyo ya kawaida, au akiumwa anapokojoa, apelekwe hospitali.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yamlinda kila mtoto na ukatili na adhabu zisizo za utu. Lakini mlinzi wa kwanza wa mtoto si kadhi wala hakimu. Ni mzazi wake. Basi shuka ikilowa, na tujiulize kwanza hali ya nyumba yetu ilivyo, kabla ya kumuuliza mtoto.