Nani Alimtuma Mbu?

Hapa Mudzipela mtoto akishikwa na malaria, daktari hutuambia ameumwa na mbu. Twakubali, kisha twauliza: nani alimtuma mbu huyo? Swali hili si ujinga, latoka katika namna yetu ya kuuona ulimwengu. Padre Placide Tempels, aliyekaa kwa Waluba wa Katanga, aliandika mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kila kilichopo ni nguvu, na nguvu hizo huongezana au hupunguzana. (Walendu tunaosali nao si Wabantu, nao huuliza vivyo hivyo.)

Ubaya waanza tunapotaja jina, na mara nyingi ni la mjane mzee. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyekosa hata mtu azaliwe kipofu. Yesu hakuwacheka, wala hakumtaja mtu. Alimponya kipofu. Nasi tuliobatizwa, mlangoni pa yule mjane twatafuta nini usiku?